Mtihani Niliomfanyia Mama

Kitu cha kwanza cha kijinga nilichofanya kazini nilikifanya siku ya nne, saa nne na robo asubuhi, nikiwa na akili timamu na tumbo limejaa: nilimfanyia mama yangu mtihani. Sikumsaidia. Nilimfanyia. Yeye aliketi, mimi nikabonyeza majibu, mashine ikamsifu. Naanza na hilo kwa sababu nyinyi wa Form Two mtakaoichukua hii kazi likizo ya Aprili mmeshasikia kitu, na kile kilichofika bwenini kimeongezwa chumvi mpaka eti nilimpa mama sumu. Sikumpa sumu. Nilimpa chai. Tutafika huko.

Mimi ni Kibet, miaka kumi na saba, mfanyakazi mstaafu. Nilifanya kazi likizo ndefu yote, wiki nane, katika zahanati yetu huku juu ya Litein. Najua wastaafu hupenda kuanza na vyeo. Cheo changu kilikuwa "wewe kijana", nilianza nacho na nikastaafu nacho. Mshahara ulikuwa mdogo na ulikwisha, hakuna zaidi ya kusema.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu wa chuo kikuu kimoja walitaka kujua kama mgonjwa anaelewa yale anayoambiwa hospitalini: maandishi ya pakiti, karatasi za maelezo, maneno ya daktari. Wakaleta tableti mbili. Mwalimu wetu wa Kiswahili anaziita vishikwambi, na ni yeye peke yake. Unavaa hedifoni, sauti inakusalimia kwa Kikipsigis, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, unagusa lugha yako. Halafu inakuja picha na swali. Ukiambiwa umeze moja asubuhi na moja jioni siku tano, jumla utameza ngapi? Ukipata, inakuletea gumu zaidi. Ukikosa, inakuletea rahisi. Ukinyamaza dakika moja, inahesabu umekosa na kusonga mbele bila kukuuliza kulikoni. Mwishoni kioo kinawaka rangi. Nyekundu, mhudumu wa afya anakuja nyumbani kukueleza kwa mdomo. Manjano, unaelezwa pale pale kliniki, polepole. Kijani, unapewa karatasi na kutumiwa ujumbe kwa simu, katika lugha uliyofanyia mtihani, na unaachwa uende zako kwa sababu foleni ni ndefu na wewe unajua.

Nilichukuliwa kwa sababu ya mdomo. Kikipsigis ni cha kwetu, Kiswahili na Kiingereza ni vya shule, na Kijaluo nilikiokota uwanjani nikicheza mpira na watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha chai. Kijaluo changu ni kizuri sana kama unataka kulalamikia refa.

Mkubwa wangu alikuwa Madam Achieng'. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kiwandani, kwa hivyo yeye alizaliwa hapa hapa, na Kikipsigis chake kinawafanya wazee wamuulize ni wa ukoo gani. Siku ya kwanza nilifika nimepiga pasi mpaka soksi. Akanipa chupa ya spiriti na mfuko wa pamba.

"Safisha hedifoni kila mtu akimaliza."

"Na tableti, Madam?"

"Kwanza masikio. Halafu, Kibet, hapa tunapima nini?"

"Tunapima watu kama wana akili."

"Rudi kwa pamba."

Siku ya pili akaniuliza tena. Nikasema tunapima wagonjwa. "Pamba," akasema. Siku ya tatu nikamwambia ukweli, kwamba sijui.

"Sasa tunaweza kuongea," akasema. "Tunapima karatasi zetu. Mtu akikosa, ujue karatasi ndiyo imekosa. Ukisahau hiyo utaanza kuwaonea watu huruma, na hiyo ni mbaya kuliko kuwadharau."

Nilidhani ni maneno ya kujaza siku. Yaandikeni mahali.

Siku hiyo hiyo ya tatu nilipata mgonjwa wa kwanza mgumu, Mzee Koskei, ambaye amechuma chai tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Mzee alisikiliza swali, akagusa jibu. Kioo kikakaa kimya. Akagusa tena. Kimya. Mara ya nne akavua hedifoni.

"Kijana, huyo mtu ako ndani ya kioo, mwambie nimemjibu tangu asubuhi."

"Mzee, labda hujabonyeza vizuri."

"Nimebonyeza. Hata mashine ya kupiga kura ilikataa hiki kidole. Nikawaambia, kama mnaona si cha mtu, ng'oeni."

Benchi lote likacheka. Madam Achieng' akaja, akashika mkono wa mzee akaugeuza. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi na ngumu kama kwato. Utomvu wa chai ukikaa miaka mingi unafanya hivyo, na kioo hakitambui. Mashine ilikuwa inamwandika mzee kuwa hajui wakati alikuwa ameshajibu sawa mara nne. Madam akamletea kifuniko chenye kipande cha sponji iliyoloweshwa. Akichovya kidole, kioo kinamwona. Kama hamna sponji, mwambieni mtu atumie kifundo cha kidole, pale ngozi ni laini. Mzee Koskei alitoka kijani, kwa Kikipsigis, akaomba aandikiwe cheti.

Siku ya nne mama akaja.

Nyumbani hakuwa amesema atakuja. Nilimwona tu kwenye benchi, amevaa sweta ya kanisa, mkoba magotini. Hapa nieleze kidogo kwa wale mliokulia mjini. Kwetu mvulana akitoka jandoni, yeye na mama yake wanaanza kuheshimiana kwa umbali. Mimi nilitoka jandoni Desemba ya mwaka uliotangulia. Tangu hapo mama haniambii habari za mwili wake, siingii chumbani kwake, na akiugua naambiwa na shangazi, tena nusu nusu. Si ukali. Ni heshima, na ukishaizoea huioni, kama vile sisi hatusikii tena harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani mpaka mgeni aitaje.

Ukutani kulikuwa na sheria, na ya kwanza ilisema usimpime jamaa yako. Lakini Madam Achieng' alikuwa chumba cha pili na mgonjwa wake, foleni ilikuwa imefika kwenye tangi la maji, na mimi nilikuwa na kazi kwa siku nne, kwa hivyo nilijiona mzoefu. Nikamwita mama, nikamvalisha hedifoni, nikachagua Kikipsigis.

Kioo kikaleta mchoro wa mwanamke, tumbo limechorwa na vya ndani, na swali kuhusu kutokwa na damu. Mama akatazama ukuta. Mikono yake ilikaa juu ya mkoba. Dakika ikaisha, mashine ikahesabu amekosa. Likaja la pili, la aina ile ile. Akatazama ukuta. La tatu, ukuta.

Mimi, mtoto wake, nilikuwa nimeketi pale bega kwa bega naye nikimsubiri ajibu. Na sikuona. Naapa sikuona. Nilichoona ni mama yangu, ambaye kila Jumapili anasoma Biblia ya Kikipsigis mbele ya kanisa bila kukwama, anaelekea kuwaka nyekundu mbele ya benchi la majirani, na mimi ndiye nimeshika tableti. Nikamwonea huruma. Nikaanzisha mtihani upya, nikachagua Kiingereza, maana kama ni kudanganya nilitaka nidanganye kwa fahari, nikabonyeza majibu yote mimi mwenyewe, tap tap tap. Kijani.

Mama alitazama vidole vyangu, akatazama ile rangi, akanitazama uso. "Kongoi," akasema, asante, vile anavyomwambia mtu wa dukani. Akainuka akaenda kwa nesi.

Haya yanayofuata nilikuja kuyajua baadaye, lakini nayaweka hapa msije mkapotea. Mama alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na damu ilikuwa inamtoka vibaya kila mwezi. Walipompima, kiwango cha damu kilikuwa saba. Hospitali kubwa ilishampa tarehe ya operesheni mwanzoni mwa Januari, lakini walisema lazima damu ifike kumi kwanza. Isipofika, jina lake linashuka chini ya orodha, na orodha yenyewe ni ya miezi. Kwa hivyo akapewa zile tembe za kuongeza damu. Maelezo ya jinsi ya kuzimeza yakafuata kwa simu, kwa Kiingereza, kwa sababu faili ilisema Mama Kibet ni kijani wa Kiingereza: meza kwa maji, kula tunda, na usinywe chai wala maziwa mpaka saa mbili zipite, kwa sababu chai inaizuia dawa isiingie mwilini.

Sasa nitajieni mtu mmoja, kutoka Sotik mpaka Kericho mjini, anayemeza dawa kwa kitu kisicho chai.

Tangu nianze kazi mimi ndiye nilikuwa napika chai ya asubuhi, ili mama apumzike kabla ya kwenda kuchuma. Niliona anachoka haraka, anashika ukuta akipanda ngazi ya mlango. Nikaongeza majani. Nikaongeza na maziwa. Anatoa tembe yake nyekundu kwenye bahasha, anaimeza na kikombe nilichomtilia mimi, mimi nasimama pale nimeridhika kama mwenye hoteli. Simu yake ikilia ujumbe anaiangalia, halafu anairudisha mfukoni.

"Leta nikusomee," nilimwambia siku moja.

"Ni yangu."

"Si ni Kiingereza? Nimeona."

"Kibet, nimesema ni yangu. Nenda kazini."

Nikaenda kazini. Na hapa ndipo inaniuma kusema, zile wiki zilikuwa nzuri kuliko likizo zote nilizowahi kuwa nazo. Asubuhi ukungu umelala kwenye chai, viatu vimeloa, unafika unakuta Madam Achieng' ameshachaji tableti na anafuta benchi kwa gazeti. Nilijifunza kutomwuliza mzee "umeelewa?", kwa sababu kila mtu husema ameelewa. Unamwambia, "Nieleze kama vile utamweleza mke wako nyumbani," ndipo unasikia kile kilichoingia. Nilijifunza kuwatenganisha akina mama, kwa sababu benchi letu hujibu kwa pamoja. Mmoja akiulizwa kuhusu malaria, saba wanajibu, na wa nane anarekebisha.

Mtu ninayemkumbuka zaidi ni Baba Otieno, mstaafu wa kweli, wa kiwandani, mwenye sukari. Alichagua Kijaluo kwa fahari kabisa, akapata nyekundu. Akakasirika. "Hiyo lugha yenu imeharibika," akamwambia Madam Achieng', kana kwamba ni yeye aliyeitunga. Madam hakubishana. Akamwambia ajaribu Kikipsigis. Baba Otieno alipita maswali yote kama mtu anayeteremka mlima. Kijani. Nikamwuliza inawezekanaje.

"Nyathina," akaniambia, mtoto wangu, "nilizaliwa kwa Kijaluo. Lakini kuugua nimeugua hapa. Daktari wa kiwanda alikuwa Mkipsigis, jirani aliyenipeleka kwake Mkipsigis, hata huu ugonjwa jina lake nililisikia kwa Kikipsigis. Kwetu nikienda Krismasi huwa sina ugonjwa wowote."

Madam Achieng' aliandika hayo kwenye daftari lake, si kwenye tableti. Tableti haikuwa na mahali pa kuyaandika. Nilimwuliza mbona anajisumbua. Akasema, "Kwa sababu hii ndiyo kazi. Ile rangi ni risiti tu."

Wiki ya tano mama akarudi kupimwa damu.

Nilimwona akiingia na sikufurahi, kwa sababu alikuwa anatembea kama mtu amebeba ndoo. Akaingia kwa nesi wetu, Sista Wanjiru. Sista alihamishiwa kwetu kutoka Nyeri, mtu mkali na mwenye haki, na agizo lilikuwa aongee na kila mgonjwa kwa lugha iliyo kwenye faili. Mlango wake haufungiki vizuri. Benchi lote lilisikia.

Damu haikuwa imepanda. Ilikuwa imeshuka, sita na kitu. Sista akaanza kumsema kwa Kiingereza. Kwamba hamezi dawa. Kwamba asijifanye hajui, kwa sababu mtihani ulionyesha anajua kila kitu kuliko mgonjwa yeyote wa zahanati hii. Kwamba kuna wanawake wangefurahi kupata hiyo tarehe ya Januari.

"Yes, Sista," mama akasema.

Sista akamwuliza anameza au hamezi.

"Yes, Sista."

Mwanamke mmoja kwenye benchi akamgusa mwenzake na kiwiko. "Mama Kibet siku hizi ni Mwingereza."

"Si mtoto ako ofisini? Kiingereza kitaingia tu."

Wakacheka, si kwa ubaya. Mimi niliangalia tableti yangu kana kwamba kuna kitu juu yake. Ningeinuka wakati huo. Sikuinuka. Nilikuwa nahesabu yatakayonipata: nitafukuzwa, Madam Achieng' atanitazama, bwenini watanipa jina. Nilihesabu yangu yote na sikufika kwa mama.

Halafu nikasikia Sista anasema, sasa kwa Kiswahili, akimwambia karani wake: "Andika, mgonjwa hafuati maagizo. Wapigie hospitali, hiyo nafasi wampe mwingine."

Miguu iliinuka kabla yangu. Nikasukuma mlango.

"Sista, usiandike. Huo mtihani ni wangu."

"Wako vipi?"

"Mimi ndiye nilijibu. Mama hajui Kiingereza. Hata zile meseji hajazisoma. Anameza dawa kila siku, mimi mwenyewe naona, anameza na chai. Mimi ndiye ninampikia."

Sista aliweka kalamu chini. Mama alikuwa ameketi ananitazama, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeokolewa. Ulikuwa wa mtu ambaye mtoto wake ameingia chumba cha daktari bila kubisha.

Madam Achieng' alikuwa ameshafika mlangoni nyuma yangu. Akachukua tableti mkononi mwangu, akafungua rekodi ya mama, akanionyesha. Mashine huandika kila jibu limechukua muda gani. Kila jibu la mama lilichukua sekunde mbili.

"Mimi niliyetafsiri haya maswali nachukua kumi," akasema. "Kibet, nimekuwa nikiangalia hizi sekunde tangu Jumatatu. Nilikuwa nangoja uniambie."

"Samahani, Madam."

"Nje."

Nilisimama karibu na tangi la maji. Mvua ya mchana ilikuwa imeanza, na sikujua kama nina ruhusa ya kusimama chini ya paa. Ndani waliwafukuza wote, wakafunga mlango kwa kiti, na Madam Achieng' akampima mama upya kwa Kikipsigis, wawili tu. Mchoro ule ule wa tumbo. Maswali yale yale. Ilichukua dakika ishirini. Wakati mmoja nilisikia mama akicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka kwa wiki nyingi.

Madam alipotoka hakunionyesha rangi. "Swali moja tu ndilo lilimpinda," akasema. "La chai. Akaniuliza, 'Kama chai ni mbaya kwa hii dawa, mbona mlingoja mpaka leo kuniambia?' Nimeshindwa kujibu. Wewe una jibu?"

Akaniita ndani, akanivutia kiti.

"Basi keti hapa. Vaa hedifoni. Gusa Kikipsigis."

Nilidhani ni adhabu rahisi. Kikipsigis naongea tangu nizaliwe. Lakini kukisoma ni kitu kingine, na hakuna siku shule ilinifundisha kukisoma baada ya darasa la tatu. Maneno marefu ya mwili, majina ya viungo, nilikuwa naona herufi zinapita kama magari. Niliwaka nyekundu. Madam Achieng' akaandika jina langu kwenye orodha ya wale wa kutembelewa nyumbani na kuelezwa kwa mdomo, na mhudumu wa afya alikuja kweli, Alhamisi iliyofuata, akanieleza kuhara ni nini.

Sista alipiga simu mwenyewe kuomba mama abakishiwe tarehe. Wakampa mpaka wiki ya kwanza ya Januari. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Hapo ndipo nilistaafu. Tableti sikuigusa tena. Madam Achieng' alisema wazi kwamba kila jina nililopima atalipima upya, kwa sababu hawezi tena kujua ni lipi la mtu na ni lipi la huruma yangu, na alifanya hivyo, jina moja moja, wiki tatu, bila kunikumbusha hata mara moja. Hilo ndilo lililoniadhibu. Mzee Koskei ilibidi achovye kidole upya. "Kwani nilifeli?" akaniuliza. Nikamwambia, "Hapana mzee, ni mimi." Akaniambia pole.

Lakini hakunifukuza. Alinirudishia chupa ya spiriti na pamba. Kwa hivyo nilimaliza kazi nilipoanzia, nikifuta masikio ya watu, na nyinyi mtakaokuja msicheke, kwa sababu hapo ndipo nilisikia mengi. Mtu akiwa anangoja kufutiwa hedifoni anaongea. Nilimwambia Madam Achieng' kila nilichosikia, naye akaandika kwenye lile daftari.

Sasa niko Form Four. Naandika haya wakati wa prep ya usiku, na huku kuna kengele ya kila kitu. Mchana mvua ikianza kupiga mabati nakumbuka saa hiyo benchi letu lilikuwa linasogea ndani, akina mama wanabanana, mtu anamwaga hadithi. Nafikiria kama Baba Otieno amerudi kuchukua dawa, na ni nani alimwambia akae. Nafikiria kama ile sponji bado iko kwenye kifuniko chake au imekauka. Walimu wanasema nina kipaji cha maneno, nijitahidi nisome kitu kikubwa. Mimi nataka tu kurudi pale saa mbili asubuhi, kiti cha mbao, mtu anakaa mbele yangu, namwambia, "Nieleze kama vile utamweleza mtu nyumbani," halafu nanyamaza mpaka amalize. Sikuwahi kuifanya hiyo vizuri. Nilikuwa ndio naanza kujua inavyofanywa.

Kuhusu mama. Zile wiki tatu aliishi kwa maji na mapera. Chai yake aliinywa saa nne shambani, kutoka kwa chupa, baada ya saa mbili kupita, na mtu asimguse kabla. Damu ilifika kumi siku mbili kabla ya tarehe. Alifanyiwa operesheni, ikaenda sawa. Na muda huo wote hakusema neno moja kuhusu mtihani. Aliongea nami kuhusu ng'ombe, kuhusu karo, kuhusu soksi. Nilikuwa napika, nafua, nachota maji, nangoja anikaripie ili iishe. Hakunikaripia.

Siku ya kufungua shule nilimkuta ameketi nje juani, blanketi magotini. Sanduku langu lilikuwa kwenye pikipiki tayari, mwenye boda anabonyeza honi. Nikajua nikienda bila kuuliza nitakaa nalo muhula mzima.

"Mama, yale maswali matatu ya siku ile, ulikuwa unajua majibu?"

"Yote."

"Na mbona hukumwambia Sista hujui Kiingereza?"

"Ningemwambia, angeuliza ni nani alibonyeza."

Mwenye boda akapiga honi tena. Mama akavuta blanketi vizuri, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akasema:

"Siku ingine ukitaka kujua kama najua kitu, niulize. Halafu utoke nje, nijibu."